Mikono ya Nyemo

"Mgogo huyo anakuja, baneni mifuko," Kalunde alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni nje. "Babu zake hawakuwahi kumwona Mnyamwezi akipita kwao bila kumtoza hongo. Leo naona mmehamia darajani."

Mwanamke aliyeingia na kuketi ng'ambo ya meza hakucheka. Alikuwa mwembamba, mwenye mabega mapana ya mtu aliyefuta vioo kwa miaka mingi, na nyuma ya sikio lake kichwa cha pini kilimeta kama punje ya mtama iliyolowa. Alimtazama Kalunde mdomoni, si machoni. Afande Kisena, aliyekuwa amesimama dirishani, akageuka kumwangalia.

Kimya.

"Nyinyi," mwanamke akasema hatimaye, "mlikuwa mnapita na mizigo ya watu. Tukiwauliza ya kwenu iko wapi, mnatuonyesha shingo."

Lilikuwa jibu zuri. Siku nyingine Kalunde angeligonga meza kwa kicheko. Lakini lilikuja limechelewa, kama ngurumo ya radi iliyopiga kilima cha mbali, na kila mtu chumbani alijua maana ya kuchelewa.

Mwili unaoendeshwa na mtu mwingine kutoka mbali hauwezi kuwa na haraka. Neno likiingia sikioni hupanda mnarani, huruka mnara hadi mnara kuvuka nyika ya Mgunda Mkali yote, mpaka kwenye chumba chenye ubaridi ambamo dereva ameketi na glavu mkononi. Dereva husikia, hufikiri, kisha jibu lake hurudi kwa njia ileile. Mtu aliye peke yake ndani ya mwili wake akitukanwa na mtani humrudishia kabla hajajua kwamba amerudisha. Ndiyo maana, vita vilipokwisha, kituo cha darajani kiliajiri watani. Jina, kijiji na ukoo ni mambo ambayo dereva yeyote angeweza kuyakariri. Utani, waliamini, haukaririki.

Waliamini hivyo mpaka alipokuja Ndahani. Huyo alijibu kabla hajamaliza kuulizwa. Aliwachekesha walinzi mpaka mmoja akaketi chini, na Mzee Kapela, aliyekuwa mtani wa kituo kabla ya Kalunde, akampitisha huku akijifuta machozi. Ndahani alitembea moja kwa moja hadi nyumba ya pampu, na baruti iliyoshonwa tumboni mwake ikalipuka. Baadaye walilikuta lori kwenye korongo la jirani. Dereva alikuwa ndani yake, karibu kiasi kwamba hakuhitaji minara, naye alikuwa Mgogo, mzaliwa wa kijiji kilekile cha mwili aliouendesha. Hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba mabwana vioo, waajiri wa madereva, nao wana watani.

Mzee Kapela alikufa pale. Mdogo wa Afande Kisena alikufa pale. Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili ikateketea pamoja na pampu. Tangu hapo, aliyejibu upesi alishukiwa, na aliyechelewa alishukiwa.

"Nyanyua shati," Afande Kisena alisema.

Mwanamke akanyanyua. Chini ya kitovu palikuwa na kovu la mlazo, la kisu.

"La nini hilo?"

Kimya tena, kirefu kama cha kwanza.

"La binti yangu," akasema. "Nilimzaa nikiwa nimelala."

*

Jina lake lilikuwa Nyemo, na hadithi yake ilikuwa ya maelfu. Katika Kiangazi Kirefu, mifugo ilipokwisha na watu wakaanza kuchemsha ngozi, magari ya mabwana vioo yalizunguka vijijini yakitangaza: lala kwetu, uamke mvua ikinyesha. Mashamba ya vioo yalikuwa yametandazwa Mgunda Mkali yote kunasa jua, na vumbi lilikuwa likiua kila mashine iliyopelekwa kuyafuta. Mtu hauawi na vumbi upesi hivyo. Pini moja nyuma ya sikio, na mwili ungefanya kazi wakati mwenyewe hayupo. Hatasikia njaa, hatasikia jua. Watu walisaini kwa dole gumba, wakalala.

Mvua ikanyesha. Hawakuamshwa.

Ng'ambo ya mto, miji ilijua. Taa zake ziliwaka kwa umeme wa vioo hivyo, na wenyewe walisema yale waliyotaka kuamini, kwamba aliyelala hayupo, na asiyekuwepo haonewi. Halafu waliolala wakaanza kutoroka, mmoja mmoja, wale ambao pini zao ziliharibika. Mabwana vioo wakadai warudishiwe, na Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha. Mji mmoja ukakataa. Mwingine ukakataa. Minara ikaanza kulipuliwa. Waliokwenda vitani hawakwenda kwa sababu moja. Wapo waliopigania watu, na wapo waliopigania vioo, ili umeme usiwe mikononi mwa mabwana peke yao. Amani ilipotiwa saini, ibara yake ya kwanza ilikuwa fupi: hakuna atakayeshika mwili wa mwingine. Baadhi ya mabwana vioo hawakuitii.

Kalunde alikuwa ameibandika ibara hiyo ukutani, juu ya meza yake. Alikuwa Mnyamwezi wa ng'ambo, binti aliyekulia chini ya taa hizo.

Nyemo alijua binti yake yuko wapi. Wapiganaji walikuwa wamewachukua watoto wa mashambani na kuwavusha; orodha zilitangazwa redioni, na alilisikia jina alilompa wakati bado yuko tumboni. Aliyasema hayo polepole, kila sentensi ikisubiri nyingine.

"Nimemnyonyesha," alisema. "Nimembeba, nimemwogesha. Lakini hakuna siku niliyomshika mimi. Kila mara kulikuwa na mtu mwingine mikononi mwangu."

"Kwa hiyo ulikuwa unaona?" Kalunde aliuliza.

"Nilikuwa naona yote, mtani. Nani alikwambia tulikuwa tumelala?"

*

Barazani, Afande Kisena alizungumza kwa sauti ya chini. Treni ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kupanga mabehewa yake, imejaa watu waliopita ukaguzi jana na juzi, na mvuke wa chai ulipanda kutoka kwenye madirisha.

"Anachelewa kujibu. Ana kovu. Ana hadithi ya mtoto inayomliza kila mtu. Wewe ungekuwa dereva, ungechagua mwili gani?"

"Nimeongea na wengi wa sehemu ambako minara yote imekwisha kung'olewa," Kalunde alisema. "Nao huchelewa. Wamekaa miaka wakisubiri mtu mwingine aseme kwa midomo yao. Njia ya maneno imeota majani, Afande."

"Au anachelewa kwa sababu kuna mnara tusioujua."

"Au hivyo."

"Basi ang'olewe pini."

Kalunde alikuwa amewaona waliong'olewa pini na madaktari ambao bado hawajajifunza kuitoa salama. Wengine walikufa mezani. Wengine waliamka wakiongea vizuri kabisa, huku mikono yao imelala mapajani kama ya mtu mwingine, haiwasikii tena. Alifikiria mama asiye na mikono akiletewa mtoto.

"Ipo njia nyingine," Kisena alisema, bila kumtazama.

Alirudi ndani na kutoka na sanduku la chuma. Ndani yake, juu ya kitambaa cha jeshi, ililala glavu nyeusi yenye nyaya nyembamba kama mishipa, pamoja na kipande cha kuning'iniza sikioni. Kalunde alirudi nyuma.

"Hii inatakiwa kuwa imeyeyushwa."

"Zimeyeyushwa nyingi. Sikiliza. Pini humtii aliye karibu zaidi. Ukimshika wewe kutoka hapa, dereva wa nje, kama yupo, anakatika. Ukimwachia, dereva huyo hampati tena papo hapo, na mwili usio na mtu huanguka kama gunia. Lakini kama ndani yumo mwenyewe, ukimwachia anabaki ameketi. Hakuna kubahatisha. Ni pumzi chache tu."

"Ni utumwa wa pumzi chache."

"Ndiyo," alisema. "Wa kumwokoa na kisu."

Alikuwa akiirekebisha glavu huku akisema, akizungusha kijiti kilichokuwa kwenye kifundo, na vidole vyake havikuhitaji macho. Kalunde aliviangalia vidole hivyo.

"Ulijifunza wapi, Afande?"

Kisena akasimamisha mkono. "Nilikuwa dereva kabla sijakimbilia upande wenu. Misimu miwili. Ulidhani jeshi lilipata wapi watu wanaovijua vifaa hivi? Kwenye duka la glavu?" Akamnyooshea. "Mimi siwezi kumshika. Nimekula kiapo cha peke yangu. Na wewe ndiye mtani wa kituo."

*

Kalunde alimweleza Nyemo kila kitu. Alidhani hilo litapunguza uzito. Aliiweka glavu mezani kati yao, na macho ya Nyemo yakaishukia, na mwili wake wote ukakaza kama mbuzi aliyenusa fisi.

"Ukikataa, sitakushika," Kalunde alisema. "Lakini watatoa pini."

Nje, mtu alicheka kwenye foleni, kisha akanyamaza.

"Nishike," Nyemo alisema.

"Unaona?" Kalunde alimgeukia Kisena. "Dereva asingekubali. Angekuwa anajitoa mwenyewe."

"Dereva mwerevu angekubali," Kisena alijibu, "akijua kwamba mtu mwenye huruma akiambiwa nishike, hataona haja ya kushika."

Kulikuwa na ukweli katika maneno hayo, na Kalunde aliuchukia. Alimtazama Nyemo akitafuta mahali pa kumwamini, akaona uso tu. Alifikiri: huyu amejibu upesi kidogo mara hii. Kwa nini upesi? Kisha akajiona anavyofikiri, na akaogopa kwamba hata mama yake mzazi akiketi kwenye kiti hicho, angemhesabia ukimya.

Akavaa glavu.

Mwanzoni hakusikia chochote. Kisha ikawa kama mtu anapoingiza mguu gizani akakuta ngazi nyingine ipo. Palikuwa na mikono miwili zaidi. Ilikuwa na sugu, ilikuwa na joto. Mgongo wa Kalunde, uliomuuma tangu alfajiri kwa kukaa, ukaacha kuuma, kwa sababu sasa palikuwa na mgongo mwingine wa kubeba. Hakuna aliyewahi kumwambia hilo. Katika hotuba zote za vita, za kulaani na za kutetea, hakuna aliyesimama akasema kwamba ilikuwa tamu.

"Mwamrishe jambo lolote," Kisena alinong'ona.

Kalunde alitafuta amri iliyo ndogo, isiyo na aibu. Mezani palikuwa na kikombe cha maji aliyomwekea mgeni, hayajaguswa. Akafikiri mkono wa Nyemo ukichukua kikombe, na ukachukua. Akafikiri maji yakinywewa, na koo la Nyemo likapanda na kushuka, taratibu, mpaka kikombe kikaisha. Mkono ukakirudisha mahali pake bila kutoa sauti. Ulikuwa mkono mtiifu ajabu. Ungeweza pia kurekebisha ushungi uliokuwa umeteleza begani. Kalunde alifikiri hivyo tu, kwa kupita, na tayari ulikuwa umerekebishwa.

"Tosha," Kisena alisema.

Angeweza kuachia hapo. Hakuachia. Kulikuwa na kitambo, si kirefu, ambacho hakikuwa cha kupima chochote.

"Kalunde. Tosha."

Akaivuta glavu ikatoka.

Nyemo hakuanguka. Alibaki ameketi wima, mikono mezani, pumzi zikimtoka puani. Afande Kisena akashusha mabega kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akagonga muhuri kwenye kadi, akaisukuma mbele ya mwanamke yule.

"Uko huru, mama. Treni haijaondoka. Samahani kwa usumbufu."

Nyemo aliitazama kadi. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama Kalunde machoni.

"Sikuwa na kiu," alisema.

Kalunde alifungua mdomo. Alikuwa na maneno siku zote. Ndiyo kazi iliyompa kula. Akayatafuta.

"Nilitaka iwe kitu chema," alisema.

"Walikuwa wanatulisha vizuri pia." Nyemo alichukua kadi, akaishika kwa mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku kana kwamba anahakikisha ni nani anayeigeuza. "Na uliponishika ukanirekebisha ushungi. Huyo afande hakukuagiza. Halafu ukakaa."

"Nisamehe, mtani wangu."

Nyemo alifikiri. Ulikuwa ukimya uleule, lakini sasa hapakuwa na mtu wa kuushuku.

"Mtani ni mtu ninayeweza kumtukana naye akanitukana, tukalala salama," alisema. "Mimi na wewe tulikuwa hivyo nilipoingia mlangoni. Sasa nikikutukana, nitakuwa namtukana mtu aliyewahi kuwa ndani ya mikono yangu. Hapo hakuna utani. Siku ukifa, Mnyamwezi, usinisubiri mazishini. Sitakuja kucheka."

Akatoka. Dirishani walimwona akivuka uwanja kuelekea kwenye treni, hatua zake nzito, akiwa ameibana kadi kifuani. Mlinzi alitaka kumsaidia kupanda behewa, akamshika kiwiko. Nyemo akakivuta kiwiko chake, akashika chuma mwenyewe, akapanda.

*

"Inauma mara ya kwanza," Afande Kisena alisema. Alikuwa akiifuta glavu kwa kitambaa. "Lakini umeona? Amevuka. Mikono yake mizima. Kwa utaratibu wa zamani tungemkata. Foleni ni ndefu, na sasa tunayo njia ya uhakika. Tutawaomba ridhaa wote. Hakuna atakayelazimishwa."

"Na atakayekataa?"

"Pini."

"Basi hiyo si ridhaa, Afande. Ni lile gari la Kiangazi Kirefu linalopita na kipaza sauti."

"Usinifundishe mimi vita hivi vilikuwa vya nini." Sauti yake haikupanda. "Nimemzika mdogo wangu vipande vipande. Nipe njia nyingine. Nipe moja, nitaichoma glavu hii mbele yako."

Kalunde alitazama nje. Foleni ilikuwa imepinda ukuta na kuendelea mpaka chini ya tangi lililoungua. Wanaume na wanawake wenye mabega mapana, wametulia mno, kila mmoja akitazama midomo ya aliye mbele yake. Kati yao huenda palikuwa na dereva. Huenda hapakuwa. Alijua kwamba hatajua kamwe, na kwamba kutojua huko ndiko kulikoanza kuwarudisha wote mahali walipotoka. Na alijua jambo la pili, ambalo hangelisema kwa Kisena wala kwa mtu yeyote: glavu ilikuwa mezani, na kiganja chake kilikuwa kikiitaka.

"Wasipande treni," alisema.

"Nini?"

"Wanaopimwa. Wasipande treni pamoja na wengine, wasikaribie pampu. Wavuke kwa miguu, mmoja mmoja, daraja likiwa tupu. Aliye na baruti ailipue hapo katikati, kwenye chuma kilichotengenezwa kubeba mabehewa. Halitaanguka kwa tumbo la mtu mmoja."

"Atakuwa amekufa mtu asiye na kosa. Mwenye mwili."

"Hatakufa bila mtu pembeni. Nitavuka naye."

Kisena alicheka kidogo, bila furaha. "Dereva akijua kwamba hakuna cha kulipua ila daraja na mwanamke mmoja mwenye mdomo, hatapoteza mwili wake. Atangoja." Akalifikiria alilolisema. "Atangoja mpaka afike ng'ambo."

"Ng'ambo kuna hospitali yenye mashine ya picha, mita chache kutoka ukingoni. Atapita hapo kabla ya kumkaribia mtu yeyote. Tulikuwa hatuwapeleki kwa sababu gani, Afande? Kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuvuka nao."

Afande Kisena alikuwa akiitazama ibara ukutani, au ukuta tu.

"Na siku utakapomvusha asiye mwenyewe?" akauliza.

"Utaajiri mtani mwingine."

Kalunde alitoka kabla hajapewa ruhusa, kwa kuwa alijijua; akisubiri angerudi mezani. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka, na reli zilikuwa bado zinatetemeka kidogo chini ya viatu vyake. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee mfupi mwenye nywele za mvi, shati limefungwa vifungo vyote, na chini ya shati, tumboni, palikuwa na uvimbe ambao ungeweza kuwa njaa, au ugonjwa, au kitu kingine.

"Shikamoo, babu," Kalunde alisema. "Tunavuka kwa miguu. Mimi na wewe."

Mzee alimtazama mdomoni. Hakuitikia. Kalunde hakuhesabu. Alianza kutembea, na baada ya hatua chache akasikia nyayo nyingine zikikanyaga mbao za daraja nyuma yake, kisha kando yake. Chini, mto ulikuwa mkavu, mchanga mweupe tupu. Walipofika katikati pumzi ya mzee ikawa nzito, na mkono wake ukaondoka pajani ukapanda kuelekea tumboni, ukaingia kati ya vifungo vya shati.

Kila mfupa katika mwili wa Kalunde ulitaka kukimbia. Alisogea karibu zaidi, bega kwa bega, akalegeza mwendo ili aende sawa na wake.

"Pumzika kama umechoka, babu," alisema. "Mimi sina haraka."